Saa Mbili za Mama Mhadhiri

Katika vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, lawama moja husikika sana kwa wahadhiri wakongwe: vijana wa sasa wanahesabu saa kabla hawajahesabu kazi. Lawama hiyo ina chimbuko. Mkwawa, kwa mfano, imekuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005 tu, na idara changa haisimami bila watu wanaobeba hata yale yasiyoandikwa kwenye mikataba yao. Waliobeba mzigo huo wana haki ya kuuliza nani ataupokea.

Hata hivyo, naona anayesema "hapana" kwa kazi hizo za ziada amehukumiwa bila kusikilizwa. Nakumbuka kikao kimoja cha idara hapa Iringa, mwezi Julai, baridi ikiwa kali. Kilianza saa nane mchana, na saa kumi na moja tulikuwa bado kwenye ajenda ya tatu. Aliyeandika kumbukumbu alikuwa mhadhiri msaidizi mwenye mtoto wa miezi minne. Hakuwa katibu, ila kazi hiyo ilikuwa imeshamzoea. Nilimwona akilifunga sweta lake hadi juu, kwa kuwa maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi. Aliponyoosha mkono kuomba ruhusa, aliambiwa, "Vumilia kidogo mama, tunamalizia." Tulimaliza saa kumi na mbili na nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa hizo mbili zinanisumbua kila nikizifikiria. Kwa anayeishi Kihesa au Mtwivila, sehemu yake huishia kwenye daladala kabla hajambeba mtoto. Na zikiwa ni za kuombwa mbele ya watu kumi na wawili, wengi wao wakiwa ndio watakaojadili kupandishwa kwake cheo, basi zimebaki kwenye karatasi. Mama yule hakuwa anadai upendeleo. Alikuwa anaomba kile ambacho sheria ilikwisha kumpa, na bado ilionekana kana kwamba anakidharau kikao.

Kumbukumbu zenyewe nazo zina gharama. Mhadhiri msaidizi hawi mhadhiri bila shahada ya uzamivu, na zaidi ya hapo hutazamwa machapisho yake. Hakuna anayeuliza aliandika kumbukumbu za vikao vingapi.

Wapo, nakiri, wanaojificha nyuma ya mipaka ya saa na mikataba, wakachelewesha kusahihisha mitihani hadi mwanafunzi anakosa matokeo. Hao wawajibishwe kwa kazi waliyopangiwa. Lakini kuandika kumbukumbu kwa zamu, profesa naye akiwemo, na kutaja saa ya kufunga kikao kwenye barua ya mwito, hakumpunguzii mzee yeyote heshima yake, na kungemwezesha mama yule kuondoka saa tisa bila kunyoosha mkono.