Darubini ya msasi wa maweni: nambari kubwa au kioo kizuri?

Wiki iliyopita baada ya isha tulikaa barazani huku kusini Unguja, wasasi wa shehia yetu, kuna mfuko tunachangishana muda sasa wa kununua vifaa, na maneno yakawa mengi kweli kweli. Vijana wanataka darubini ya 12x50, nambari hizo nitazieleza mbele, pamoja na kile kipima masafa cha leza, mmoja akaongeza na ile darubini ndefu ya jicho moja ya kuweka juu ya stendi ya miguu mitatu. Wazee upande wa pili wanasema pesa zote hizo za nini, msasi ni macho, masikio na mbwa wake, mababu walisaka maweni haya na hawakuwa na kioo hata kimoja. Mie siko upande wowote moja kwa moja, na kwa vile siku ile kila mtu alikuwa anasema hakuna anosikiliza, naandika hapa kwa utulivu.

Nianze na wazee maana wana haki zaidi kuliko vijana wanavyodhani. Msitu wetu wa maweni si mbuga. Umesimama juu ya jiwe, vichaka vimeshikana, unaona mita 20, mita 30, pakiwa na njia au konde lililoachwa labda 60. Bunduki zetu ni za marisau, vile vipunje vingi vya risasi, na marisau ikishapita mita 35 au 40 imeshatawanyika, unajeruhi mnyama bure anakwenda kufia mbali na hata kumchinja hukuwahi. Kwa hiyo hoja ya kwamba huku hakuna cha kutazama mbali ni ya kweli, na mtu anayekwambia ununue kifaa cha kuona kilomita mbili kwa ajili ya misitu ya Muyuni au Mtende hajawahi kuingia Muyuni wala Mtende.

Lakini wazee wanakosea sehemu moja, na sehemu hiyo ndo kubwa. Wanadhani darubini kazi yake ni kuona mbali. Kazi yake huku kwetu ni kujua kilichosimama pale mbele yako ni kitu gani kabla kidole hakijagusa bunduki.

Mwaka juzi nlikuwa na mjomba wangu, saa kumi na mbili jioni haijafika, jua lishaingia nyuma ya miti. Paa akasimama nyuma ya kichaka, kichwa chini. Mjomba akainua bunduki akaninong'oneza, "paa huyo". Mie nlikuwa na darubini ya kuazima, 8x42, nikaitia machoni, na pale pale nikaona ukanda mweupe umezunguka makalioni, madoa meupe kwenye miguu, na kishungi chekundu katikati ya kichwa. Nikamwambia mjomba, nunga huyo, shikamoo yako iweke chini hiyo bunduki. Akaiteremsha. Yule mnyama akasimama vile vile anasikiliza, maana nunga ana tabia hiyo ya kuganda, halafu akaingia ndani taratibu. Tulipima baadae kwa hatua, zilikuwa 28. Hatua 28 tu, na mzee ambaye amesaka miaka zaidi ya arubaini aliona paa basi, wala si kosa lake, mwanga wa saa ile rangi zote zinakuwa moja.

Kwa asojua, paa nunga hapatikani duniani isipokuwa hapa Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya, na wachache walopelekwa visiwa vya Chumbe na Mnemba. Analindwa na sheria. Yule paa mwengine mdogo, ambaye vitabu vinamwita suni, hana kishungi, hana ukanda mweupe ule, na ni mwepesi zaidi, kilo nne tano hivi ilhali nunga anaweza kupita kilo kumi. Ukiwa na kioo kizuri unawatenganisha kwa sekunde mbili. Ukiwa huna, unabahatisha. Na si nunga tu, maweni yale yale kuna kina mama wanakata kuni, kuna watu wa makaa, kuna warina asali, kanga ya nguo ikipita nyuma ya majani saa ya magharibi inafanana na chochote. Na jambo moja nalisema kwa uchungu, kuna watu wana lenzi juu ya bunduki na wanaitumia hiyo hiyo kutazamia, maana yake kila unachotaka kukijua unakielekezea mtutu kwanza. Hili halina pande mbili, ni kosa.

Haya, tukishakubaliana darubini inahitajika, ndo tunarudi kwa vijana na 12x50 yao. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Vijana wanasema ikivuta zaidi unaona zaidi, na wana hoja ya kitaalamu pia, kuna kipimo watengenezaji wanakiita kipimo cha magharibi, yaani cha mwanga wa jua likizama, unazidisha nambari mbili unatafuta kipeuo chake cha pili, 8x42 inatoa 18.3 na 12x50 inatoa 24.5, kwa hiyo kwenye karatasi 12x50 inashinda kwenye giza. Sikatai, kuvuta zaidi kunasaidia kupambanua wakati mwanga unakufa. Lakini kipimo hicho hakijui kama kioo ni kizuri au kibovu, na hakijui kwamba mkono wako unatetemeka baada ya kupanda mawe nusu saa. Kila kinachovutwa mara 12 mtetemeko nao unavutwa mara 12. Kuanzia 10 kwenda juu watu wengi hawawezi kuituliza bila ya kuegemea kitu.

Hesabu ninayoiamini zaidi ni nyengine, unagawa lenzi ya mbele kwa mara inazovuta unapata upana wa mwanga unoingia jichoni. 42 kwa 8 ni milimita 5.25, na 50 kwa 12 ni 4.2 hivi. Mboni ya kijana gizani inaweza kufunguka mpaka milimita 7, ya mtu mzima wa miaka hamsini na kitu ni kama 5. Kwa hiyo 8x42 inajaza jicho la mjomba wangu lote magharibi, na zile 7x50 nzito za mabaharia, zinatoa 7.1, nzuri sana kwa kijana kwenye chombo usiku lakini kwa mzee mwanga mwengine unaishia nje ya mboni, na shingoni ni kilo nzima.

Halafu upana wa kuona. 8x42 ya kawaida kwa mita 30 inakuonesha eneo la karibu mita nne kutoka kushoto mpaka kulia, 12x50 kama mita mbili na nusu hivi au tatu. Kwenye kichaka mita moja hiyo ndo kila kitu, mnyama keshapiga hatua mbili wewe bado unamtafuta. Na zile zinazovuta sana kina chake cha fokasi ni kifupi, jani la mbele likikaa sawa mnyama wa nyuma ukungu, unazungusha kigurudumu mara mbili tatu, keshaondoka. Kwa maweni mie nasema 8, iwe 8x42 kwa wanaokaa mpaka magharibi kulinda mihogo na nguruwe, iwe 8x32 kwa anayetembea mchana kwa sababu ni nyepesi. Anayekwenda bara kusaka kwa leseni kwenye maeneo ya wazi, 10x42 ni haki yake, simkatazi.

Nambari zenyewe nazo zinadanganya, hapa ndo vijana wanaumia. Kuna vidarubini vya kukunja vinauzwa mjini vimeandikwa 30x60. Nlinunua kimoja zamani, duka silitaji. Nikachukua rula nikapima lenzi ya mbele, milimita 22. Sitini iko wapi? Ukikishika kwa urefu wa mkono ukakielekeza kwenye anga unaona kiduara cha mwanga kwenye kioo cha jicho, nikakipima nacho, karibu milimita tatu. 22 kwa tatu ni saba na kitu, basi kile kilikuwa kinavuta mara saba au nane hivi, thelathini ilikuwa rangi tu juu ya plastiki. Jaribio hili mtu yeyote anaweza kulifanya dukani, rula haina bei. Kiduara kikiwa na pembe za kijivu badala ya kuwa duara safi, prizimu, yaani vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ni za kioo cha chini. Zile zenye lenzi nyekundu kama kioo cha taa ya gari achana nazo, ule wekundu ni mwanga unorudishwa nje, na wewe unautaka uingie. Na zinazosema zinavuta kutoka 10 mpaka 180 sina haja ya kuzieleza, gawa mwenyewe lenzi yake kwa 180 uone linabaki tundu gani.

Tena unyevu. Hili wenzetu wa nchi kavu hawalijui kama sisi. Masika ikiingia, darubini ukaifungia kwenye mkoba wa ngozi ukauweka kabatini, ukiifungua mwezi wa sita kuna nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui, kuvu hiyo, na ikishakula kioo haisafishiki. Kwa hiyo huku kwetu kuzuia maji si anasa. Tafuta ilojazwa gesi ya naitrojeni, hewa yenye unyevu haiingii ndani. Na iache kwenye upepo, si ndani ya mkoba. Chumvi usiipanguse kavu, suuza kwanza kwa maji ya mvua au ya kunywa halafu kitambaa laini, ukipangusa kavu umekwangua.

Ile darubini ndefu ya jicho moja nitapita haraka. Ni kifaa kizuri mahali pake. Bara kwenye vitalu vya uwindaji sheria inataka simba anayepigwa awe ametimiza miaka 6, kumkadiria umri kwa manyoya ya shingo na rangi ya pua unahitaji kutulia na kifaa kinachovuta mara 30 au 40. Huku kwetu ningeinunua kwa kutazama ndege wa pwani Chwaka maji yakitoka. Kwa usasi wa maweni hapana, huna mita 500 za kutazama, na kuanzia saa nne asubuhi jiwe likishashika moto hewa inacheza, ukivuta mara 60 unatazama mawimbi tu.

Kipima masafa ndo kilichozua ugomvi, na hapa nagawa haki nusu kwa nusu. Kinatoa pigo la leza, kinahesabu muda wa kwenda na kurudi, kitu kilicho mita 150 mwanga unakwenda na kurudi kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo ni chombo cha ajabu kwa kweli. Mwenye raifo bara anakihitaji, risasi ya .30-06 ilolengwa yadi 200 ikifika 300 imeshuka kama sentimita 20, ukikosea masafa unajeruhi. Lakini ndani ya kichaka leza inagonga kijiti cha kwanza na kukusomea mita 9 wakati paa yuko 30. Zipo zenye mpangilio wa kusoma cha mbali badala ya cha karibu, zinasaidia, hazimalizi. Na ile mita 1000 ilobandikwa kwenye boksi ni kwa kitu kinachong'aa kama kibao cha barabarani, manyoya ya mnyama hayarudishi mwanga hivyo.

Faida yake moja kwetu ni kufundishia. Vijana wengi hawajui mita 35 ni wapi, nimewauliza, mmoja kanionesha mti uliokuwa 60. Kikiazimwa siku mbili tu, ukakaa pale unapokaa siku zote ukapima mnazi ule, jiwe lile, mbuyu ule, masafa yanakukaa kichwani. Kukinunua kwa pesa za mfuko wa watu kumi na tano wakati darubini nzuri haijapatikana, hapo sikubaliani.

Niliyoyapendekeza kwa hiyo ni darubini moja ya 8x42, yenye nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho kutoka kioo cha jicho, milimita 16 kwenda juu kwa ajili ya wazee wanaovaa miwani, pesa yote iende kwenye kioo. Kijana aliyetaka 12x50 kasema kwa haki kabisa kwamba yeye anakaa ukingoni mwa konde kubwa na anaegemea mti, kwake inafaa, na mie nimemkubalia, lakini anunue yake. Mjomba hajasema ndiyo wala hapana. Kaniomba tu nimuoneshe kile kipete cha jicho la kulia, maana siku ile alipojaribu aliona ukungu akadhani darubini mbovu, kumbe haikurekebishwa kwa macho yake: funika la kulia, fokasi la kushoto kwa kigurudumu cha katikati, halafu funika la kushoto uzungushe kipete mpaka la kulia liwe kali nalo. Ijumaa baada ya sala mwenye darubini yoyote nyumbani aje nayo barazani, mie nitakuja na rula.