Nani atamchukua mtoto saa tisa?

Simu ya shule ilinikuta nimevaa glovu, nambadilishia shuka mzee wa miaka 91. Mwanangu ametapika darasani, niende kumchukua. Na nisimrudishe mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika mara ya mwisho, ndio utaratibu wa shule nyingi huku Uingereza ili asiwaambukize wenzake. Siupingi. Ila saa 48 kwangu ni zamu mbili, na kwenye kazi hii ya kuhudumia wazee majumbani, zamu usiyoingia hailipwi. Sheria inaniruhusu kutoka kazini mtoto akipatwa na dharura, lakini haimlazimishi mwajiri kunilipa. Na wiki hiyohiyo gari lilikuwa linatakiwa kwenda ukaguzi. Gari lililozidi miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, na ada yenyewe haizidi pauni 54.85. Kilichonimaliza ni matairi mawili na breki, kwa sababu bila kupita ukaguzi siruhusiwi kuliingiza barabarani, na bila gari siwafikii wazee wangu.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu, mtoto kaniegemea begani, nikaanza kupitia majina kwenye simu. Mengi, ya nyumbani na ya huku. Mjini Leeds hapakuwa na hata mmoja ambaye ningemwambia, "Nishikie mtoto mpaka saa mbili usiku." Nilikuwa nimeishi hapa mwaka wa tatu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Chang'ombe. Nasema Chang'ombe ya Dodoma, maana wengi wakisikia jina hilo wanakwenda Dar es Salaam. Mama alitulea watoto watatu peke yake kwa kuuza zabibu stendi, na msimu ukikata anahamia kwenye ubuyu na karanga. Fedha haikuwepo. Nalisema wazi, kwa sababu tulio mbali tuna tabia ya kuyapamba tuliyoyakimbia. Kuna siku tulilala na uji, na kuna muhula nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule. Lakini sikumbuki hata siku moja mama alishindwa kwenda stendi kwa kuwa mmoja wetu anaumwa. Mlango wa pili alikaa bibi wa Kigogo, tuliyemwamkia "mbukwenyi" kila asubuhi. Hakuwa ndugu yetu. Mama alimlaza mgonjwa kwenye mkeka wa bibi, akajitwika beseni, akaondoka. Tukitoka shule tulikula kwa bibi ugali wa uwele na mlenda. Maji yalipokatika mtaani, mama ndiye aliyempangia bibi foleni bombani saa kumi alfajiri. Hakuna aliyeandika nani anamdai nani.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama huku ni rahisi kulea mwenyewe, nawajibu kwamba inategemea unaishiwa nini, fedha au saa. Huku mtu anaishiwa saa. Shule ya mwanangu inafunga saa tisa na robo, zamu yangu ya pili inaanza saa tisa kamili. Katika zile dakika kumi na tano kuna klabu ya watoto ya kulipia, kuna faini ukichelewa kumchukua, kuna kuomba radhi kwa mwalimu aliyevaa koti tayari. Halafu ghafla unasikia Alhamisi watoto wote wanakuja wamevaa kama wahusika wa vitabu, na vazi linatakiwa kesho. Kwa mwenye mwenza hilo ni jambo dogo. Mimi liliwahi kunitoa machozi ndani ya duka.

Ila lazima niseme na upande wa pili, nisije nikawadanganya dada zangu. Mwaka juzi mwanangu alianguka kwenye bembea akavunjika mkono. Akapigwa picha, akafungwa hogo la plasta, akarudi kuangaliwa mara tatu. Hapakuwa na dirisha la kulipia hata mara moja. Dawa za mtoto wa chini ya miaka 16 pia hazilipiwi. Hiyo si sadaka: inakatwa kwenye kodi za wafanyakazi, na wahamiaji wengi wanailipia pamoja na viza, pauni 1,035 kwa mwaka mtu mzima na 776 mtoto. Fedha kubwa, na viza nyingi zinakunyima misaada mingine mingi ya serikali. Lakini imelipwa kabla mkono haujavunjika. Usiku ule nililala pembeni ya kitanda chake nikiwaza maumivu yake tu. Sikuwaza nimkope nani.

Mdogo wangu wa Dodoma hakupata usiku kama huo. Mwanawe wa miaka 7 alilazwa kwa homa ya mapafu siku nne, na bili ikafika shilingi 186,000. Yeye ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, analea mwenyewe, na baba wa mtoto alishabadilisha namba. (Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kudai matunzo mahakamani, na ofisi za ustawi wa jamii zipo. Namsihi aende kila tunapozungumza, ananijibu hana siku ya kukosa kazini.) Hakuniambia kuhusu mtoto. Alikwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, akachukua 200,000 ya kurudisha 260,000 ndani ya mwezi, akaweka rehani friji. Nilikuja kujua friji ilipokwishabebwa.

Na hapa nina kosa langu. Kuna wakati kadi ya Toto Afya, bima ya matibabu ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mdogo wangu aliiona nyingi kwa mtoto asiyeumwa, na mimi nikanyamaza. Nilituma za sare, nikatuma za Krismasi, nikachangia harusi ya binamu ambaye sijawahi kula naye. Sisi wa nje tumezoea kuwa watu wa kuitwa moto ukishawaka, na tunajisikia vizuri tukiitwa. Ningetuma ile fedha ya kadi mapema, ningetuma kidogo na ningeokoa zaidi.

Lakini kinachonikosesha raha kuliko bili ni jambo jingine. Nilimuuliza, siku nne zile hospitali, nyumba ulimwachia nani? Kazini uliaga vipi? Akasema alifunga mlango, na mshahara wa siku nne ukakatwa. Nikamuuliza, majirani? Akasema, "Dada, huku kila mtu na geti lake."

Yeye hakai tena Chang'ombe. Amepanga upande wa Ihumwa, njia ya Morogoro, kwa sababu duka lao liko huko yanakojengwa majumba. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikakaa miaka mingi kama mji wa kupita tu. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016, na ofisi zikasimama Mtumba, viwanja vilipimwa mpaka tulikokuwa tukikata kuni. Naufurahia ukuaji huo kwa moyo wote; mdogo wangu asingepata kazi bila huo. Tatizo ni kwamba wanaohamia wametoka Mwanza, Mbeya, Dar, kila mmoja ameacha bibi yake wa mlango wa pili kule alikotoka. Wanajenga ukuta kwanza, ndipo nyumba. Mama yetu naye amerudi Mpwapwa, magoti hayamruhusu kukimbizana na mjukuu.

Nikimsikiliza mdogo wangu naona maisha yangu ya Leeds yamemfuata Dodoma, bila ile hospitali. Anakosa saa kama mimi, na anakosa fedha kama mama alivyokosa. Mama alikuwa na jirani bila bima, mimi nilikuwa na bima bila jirani. Yeye hana vyote viwili, na wako wengi kama yeye katika mitaa hiyo mipya.

Kuna ushauri nauona kila mahali, kwamba mzazi wa peke yake aweke akiba ya miezi mitatu. Ni ushauri mzuri kwa mwenye cha kubakiza. Mimi naamini cha kutafuta kwanza ni mtu. Nilimpata wa kwangu mwaka wa nne, mama kutoka Zimbabwe mwenye mapacha darasa moja na mwanangu. Nilimfuata getini nikamwambia ukweli, kwamba nazama. Akaniambia na yeye. Sasa Jumatatu na Jumatano anachukua wote watatu, mimi Jumanne na Alhamisi. Lugha yetu ni Kiingereza cha kuokoteza na sadza yake, ambayo ni ugali tu kwa jina jingine. Ile klabu nimeiacha, na kilichokuwa kinakwenda huko sasa kinalipia vipimo na dawa za mama kule Mpwapwa.

Nilimsimulia mdogo wangu hayo akasema kwao haiwezekani, watu hawazoeani. Sikubishana naye.

Jumapili iliyopita akanipigia yeye, jambo la nadra. Maji yalikatika siku tatu mtaani kwao. Yeye ana simtanki ya mwenye nyumba, na mwanamke wa geti la pili alikuja kuomba ndoo mbili, kabeba mtoto mgongoni. Akampa nne. Ijumaa dukani wakawa na hesabu ya bidhaa mpaka usiku, na kijana wetu akakaa kwa yule mwanamke, akala, akafanya kazi ya shule, akalala kwenye kochi.

Nikamuuliza anaitwa nani. Akanitajia jina la mtoto, Mama fulani. La kwake mwenyewe bado hajamuuliza.