Molekuli kwa nukta na mistari: hesabu inafika wapi?

Gesi ya mtungi tunayopikia hapa Dodoma ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani yenyewe ina maumbo mawili yenye fomula ileile, C4H10: kaboni nne zilizojipanga mstari mmoja, au tatu zilizoshikamana na moja ya katikati. La kwanza huchemka kwenye nyuzi -0.5 za Sentigredi, la pili kwenye -11.7. Fomula haikuambii lolote kuhusu tofauti hiyo. Mchoro unakuambia, na ndipo nadharia ya grafu inapoingia. Si grafu ya mhimili wa x na y tuliyoisoma sekondari. Hapa kila atomu ni nukta, kila kifungo ni mstari, haidrojeni zinaachwa, na kinachobaki kinahesabika.

Mwaka 1947 mkemia Harry Wiener alipendekeza kitu chepesi mno: hesabu hatua kati ya kila jozi ya kaboni, kisha jumlisha. Namba ya namna hiyo, inayokokotolewa kutoka kwenye mchoro, huitwa fahirisi. Butani iliyonyooka inapata 10, yenye tawi inapata 9. Pentani, zenye kaboni tano, zina maumbo matatu yenye jumla za 20, 18 na 16, nazo huchemka kwenye nyuzi 36.1, 27.8 na 9.5. Molekuli ikijikunja na kuwa kama donge, inagusana kidogo na jirani zake, hivyo huachana nazo kwa joto dogo. Mwanafunzi mwenye kalamu tu anaweza kuliona hilo kabla hajagusa chupa ya kemikali.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Alkani, yaani molekuli za jamii ya butani na pentani, ikiwa na kaboni 10 ina maumbo 75. Ya kaboni 20 ina 366,319, ukiacha yale yanayotofautiana kwa kushoto na kulia tu, kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Hakuna maabara duniani itakayoyatengeneza yote ili kuyapima. Hata kuyahesabu tu si mchezo: Arthur Cayley, mwanahisabati mkubwa wa Uingereza, alijaribu miaka ya 1870 na akakosea alipofika kaboni 12 na 13. Kwa vyuo vyetu, ambako kompyuta hupatikana kwa urahisi kuliko mashine za kuchambua kemikali, mvuto wake unaeleweka.

Sasa upande wa pili. Chukua heptani mbili, yaani alkani za kaboni saba: 3-ethilipentani na 2,4-dimethilipentani. Ukijumlisha kwa njia ya Wiener, zote zinatoa 48. Ya kwanza huchemka karibu na nyuzi 93.5, ya pili 80.5. Namba moja, tofauti ya nyuzi 13! Watetezi watasema tumia fahirisi nyingine, na zipo nyingi, ila kila moja ina jozi zake zinazoiponyoka. Tena viwango hivi vyote ni vya kanieneo ya usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Grafu ya maji haijabadilika hata chembe.

Lakini pingamizi ninaloliona zito zaidi limo ndani ya zabibu zetu. Zabibu zina asidi ya tatariki, ile ambayo chumvi yake huganda chini ya pipa la mvinyo. Mwaka 1848 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alitenganisha fuwele za chumvi ya asidi hiyo katika makundi mawili, moja likiwa taswira ya jingine kwenye kioo, na kila kundi likaizungusha nuru upande wake. Zichore molekuli hizo kwa nukta na mistari: mchoro ni mmoja. Mwili wa binadamu hauzichanganyi molekuli za namna hiyo, na kwenye dawa tofauti ya kushoto na kulia inaweza kuwa kubwa. Ni kweli programu za leo huongeza alama kwenye nukta ili kuzitofautisha. Ila alama hizo zinatokana na vipimo vya maabara. Grafu tupu haizitoi.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitangaza kemikali waliyoiita halisini. Kompyuta iliyofundishwa kusoma molekuli kama grafu ilikuwa imepitia maelfu ya kemikali na kuitenga hii, iliyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari, kuwa inaweza kuua bakteria. Kisha ikajaribiwa kwenye bakteria wenyewe na kwenye panya, ikafanya kazi. Kompyuta ilipunguza orodha, uamuzi ukatolewa maabara. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaoukubali.

Nisichokubali ni mtindo ulioenea kwenye majarida: mwandishi anachukua familia ya molekuli, anakokotoa fahirisi kumi kwa kila moja, anaweka jedwali, basi. Hakuna kiwango cha mchemko, hakuna umumunyifu, hakuna swali lolote la kemia. Ni hisabati halali, sina ugomvi nayo, na iwasilishwe idara ya hisabati. Anayetaka iitwe kemia aanze na kitu kilichopimwa, hata kama ni kemikali tano tu za ganda la zabibu ya Makutupora, halafu atuonyeshe fahirisi yake ilibashiri wapi na ilikosea wapi.