Joto la 1911 na lawama waliyobebeshwa akina mama

Mwaka 1911 walizaliwa watoto wapatao 880,000 Uingereza na Wales. Katika kila 1,000, watoto 130 hawakufikisha mwaka. Mwaka 1910 walikuwa wamekufa 105, na mwaka 1912 wakafa 95. Naomba msomaji azishike namba hizi tatu, maana nitazirudia.

Waganga wakuu wa miji walikuwa na maelezo yao tayari. George Newman, aliyesimamia afya katika wilaya ya Finsbury jijini London, aliandika mwaka 1906 kwamba tatizo hili kiini chake ni mama: hajui kumlisha mtoto, hajui usafi, au anakwenda kiwandani na mwanawe anabaki kwa jirani.

Hakuyatoa hewani. Vibarua wa mashamba walilipwa kidogo kuliko wafanyakazi wengi wa mjini, lakini wachanga wao walikufa wachache. Wayahudi waliohamia mashariki mwa London walikuwa mafukara kama majirani zao, ila watoto wao walipona zaidi, na akina mama wao walinyonyesha. Kule Huddersfield, meya Benjamin Broadbent aliahidi pauni 1 kwa kila mtoto wa kitongoji cha Longwood atakayefikisha mwaka, wanawake wakapita nyumba kwa nyumba kuwaelekeza wazazi, na vifo vikapungua. Mizani ya kliniki na daftari la uzito wa mtoto, vitu anavyovijua kila mama wa kwetu, vina asili yake katika juhudi za miaka ile. Hakuna haki kusema elimu haikuokoa mtoto hata mmoja.

Lakini turudi kwenye zile namba. Kutoka 130 hadi 95 ni tofauti ya watoto 35 katika kila 1,000, yaani zaidi ya watoto 30,000 kwa nchi nzima, ndani ya mwaka mmoja. Je, akina mama wa Uingereza walipumbaa Julai 1911, kisha wakaerevuka wote kwa pamoja mwaka uliofuata? Mama ni yuleyule, chumba ni kilekile, pengine hata chupa ni ileile aliyonyonyea marehemu. Kilichobadilika ni hali ya hewa. Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha joto kali lisilo la kawaida. Cha 1912 kilikuwa cha baridi na mvua. Nimezitazama namba hizi mara nyingi, na kila mara naona ujinga hauwezi kupanda na kushuka na jua namna hiyo.

Kinachopanda na jua ni nzi. Mitaa ya viwandani ilijaa samadi ya farasi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na vyoo vya shimo vilivyochotwa kwa sepetu, vingine vikitumiwa na familia kadhaa. Maziwa yalisafiri kwa treni kutoka mashambani, yakafika yakiwa yameanza kuchacha, yakamiminwa kwenye jagi mezani, katika chumba hichohicho cha kupikia, kulala na kufulia. Nzi akitoka chooni hakuwa na safari ndefu. Siku ya pili mtoto anahara, macho yanadidimia, utosi unabonyea. Kwa wengi haikuchukua wiki.

Na ile chupa. Iliyopendwa mitaani ilikuwa na mpira mrefu mwembamba kutoka kwenye maziwa hadi kwenye chuchu, mtoto akijinyonyea amelala huku mama anafua. Ndani ya mpira ule brashi haikupita, na mabaki ya maziwa yaliganda humo. Mama alilaumiwa kwa kuinunua. Aliyeitengeneza na kuiuza dukani kihalali sioni akitajwa kwa ukali huohuo.

Nottingham inanipa ushahidi mwingine, ingawa ni wa homa ya matumbo, si wa kuhara kwa wachanga. Katika miaka kumi hadi 1896, nyumba zenye vyoo vya shimo zilipata mgonjwa mmoja kwa kila nyumba 37. Zenye vyoo vya ndoo, mmoja kwa nyumba 120. Zenye vyoo vya kuvuta maji, mmoja kwa nyumba 558. Mji ni mmoja. Wenye vyoo vya kuvuta walikuwa na nafuu ya maisha pia, nakubali, lakini pengo la 37 na 558 si dogo. Na vibarua wa Newman, wale wa mashambani, hawakuishi wamebanana juu ya kinyesi cha mtaa mzima.

Kwa hiyo nawapa wale wanawake wa kupita nyumba kwa nyumba haki yao, na kunyonyesha nakupa uzito wake wote. Ninachokikataa ni kuiita hali ile ujinga. Kikundi cha wanawake wa Fabian, chama cha wasoshalisti wa Uingereza, kilichozitembelea familia za Lambeth, mtaa wa London, kuanzia 1909 kilikaa na akina mama hawa, kikaandika hesabu zao za kila wiki. Walikuta mama anayelisha nyumba nzima kwa shilingi 8 au 9. Ushauri aliopewa ulikuwa maziwa mabichi, lita moja na ushei kwa siku kwa mtoto. Bei yake ilikuwa peni 4, Lambeth kama mitaa ya matajiri. Shilingi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa peni 12, kwa hiyo kwa wiki hiyo ni shilingi 2 na peni 4, kwa mtoto mmoja, na mezani wapo wengine wanaosubiri.