Dola ya Morgan: tuamini kasha au jicho?

Dola ya fedha ya Morgan ilipigwa Marekani kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ina uzito wa gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni fedha. Ukiiyeyusha unapata gramu 24 na ushei za fedha safi. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza dola mbili za mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja, zinapouzwa moja kwa makumi ya dola na nyingine kwa mamia, kwa sababu ya pili imefungwa kwenye kasha la plastiki lililoandikwa 67.

Namba hiyo ni alama ya hali ya sarafu, na inatokana na kipimo cha William Sheldon, mkusanyaji wa sarafu wa Marekani, alichokitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Kinaanzia 1, sarafu iliyolika hadi inatambulika kwa shida, na kuishia 70, isiyo na dosari. Kuanzia 60 ni zile ambazo hazijachakazwa na matumizi. Sheldon alikusudia alama itoe bei moja kwa moja: chukua bei ya msingi ya sarafu, zidisha kwa alama. Soko liliitupa hesabu hiyo, likabaki na namba. Leo hatua moja tu, kutoka 65 hadi 66, inaweza kupandisha bei mara mbili, na hapo ndipo wakusanyaji wanapogawanyika.

Wanaotetea makasha wana hoja nzito. Kabla ya PCGS kuanza mwaka 1986, na NGC mwaka uliofuata, kampuni zinazokagua sarafu, kuzipa alama na kuzifunga kwenye kasha, mara nyingi aliyetaja daraja la sarafu, yaani alama yake, ni muuzaji mwenyewe. Akinunua huiita hafifu, akiuza huiita safi. Halafu kuna wizi mtupu. Mwaka 1893 kiwanda cha San Francisco kilipiga dola 100,000 tu, na hiyo ndiyo Morgan ya matumizi ya kawaida iliyopigwa kwa uchache kuliko zote. Walaghai huchukua dola ya Philadelphia ya mwaka huohuo, ambayo haina herufi ya kiwanda, wakabandika S ndogo mgongoni. Uzito unakubali, fedha ni halali, sumaku haisemi kitu. Anayejua huangalia upande wa uso: dola halisi ina mstari mdogo ulioinuka ndani ya T ya neno LIBERTY, kwa kuwa zote zilitoka kwenye muhuri mmoja wa uso. Mnunuzi wa kawaida hajui hilo, na sioni kwa nini alazimike kulijua ndipo asiibiwe.

Upande wa pili nao una haki. Wanaotoa alama ni binadamu. Ipo desturi ya kuvunja kasha na kuituma sarafu ileile upya, tena na tena, hadi ipate alama ya juu, na wapo waliopata faida kwa njia hiyo. Mwaka 2007 ikaanzishwa kampuni nyingine, CAC, inayokagua sarafu ambazo tayari zimo kwenye makasha na kuzibandika stika ya kijani zile zinazostahili alama zao. Mkaguzi wa wakaguzi asingepata kazi kama namba ingekuwa inajitosheleza.

Jicho linaona mambo ambayo namba inayafunika. Shika dola pembeni chini ya taa moja uizungushe taratibu. Kama haijatumika, mwale wa mwanga utazunguka nayo juu ya uso wake. Sarafu ikisuguliwa kwa soda au dawa ya kung'arishia vyombo, mwale huo unakufa na haurudi tena, na bei inaanguka nao. Tazama shavu la mwanamke aliyechorwa upande wa uso: dola hizi zilihifadhiwa kwenye mifuko ya 1,000, zikagongana, kwa hiyo mikwaruzo ya shavuni si dalili ya kutumika. Nywele za juu ya sikio zikiwa bapa, usikimbilie kusema zimelika, maana dola nyingi za kiwanda cha New Orleans zilipigwa kwa nguvu ndogo na zilizaliwa hivyo.

Lakini naona pande zote mbili zinabishana juu ya daraja kana kwamba daraja ndilo thamani. Dola ya New Orleans ya 1903 iliaminika kuwa karibu zote ziliyeyushwa, na iliyo safi iliorodheshwa kwa dola 1,500. Mwaka 1962 Hazina ya Marekani ikafungua mifuko yake, dola hizo zikamwagika sokoni na bei ikaporomoka. Hakuna sarafu hata moja iliyobadilika sura.

Au chukua dola yenye mwaka 1804, iliyopigwa kwa hakika miaka ya 1830 ili iwe zawadi ya kidiplomasia. Moja inaaminika kuwa ile aliyopelekewa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Ina alama 68. Mwaka 1999 iliuzwa kwa dola milioni 4.14, mwaka 2016 mnadani ilifikishwa zaidi ya milioni 10, mwenyewe hakuiachia, mwaka 2021 ikaondoka kwa milioni 7.68. Alama ni ileile 68 muda wote. Kilichopanda na kushuka ni hamu ya watu wachache wenye uwezo.

Kwa hiyo msimamo wangu unategemea sarafu yenyewe. Morgan ya San Francisco ya 1893, au ya Carson City ya 1889, sinunui bila kasha, hata muuzaji awe ndugu yangu. Morgan ya 1921 iliyotumika, iliyopigwa kwa mamilioni, sitailipia ukaguzi: ada, bima na usafirishaji vinaweza kuzidi fedha iliyomo. Ugumu uko kwa zile za katikati, zenye alama 64 au 65. Hizo nazitaka ndani ya kasha, kisha naziangalia chini ya taa kana kwamba kasha halipo, na bei nailinganisha na minada ya karibuni ya mwaka na kiwanda hichohicho. Sarafu ikiwa na mng'aro uliofifia, naiacha hata kama kasha linasema 66.