Mkono wa Kulia Ndio Unaopiga Gitaa

Vijana wengi wanaojifunza gitaa siku hizi macho yao yote yako mkono wa kushoto. Muulize amefika wapi, atakuhesabia kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: C, G, Am, na ile F inayoumiza vidole. Kuhusu mkono wa kulia hana la kusema, na mimi naamini muziki wenyewe uko huko.

Msikilize Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo. Hugh Tracey, mtafiti aliyekusanya muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Ukiusikia wimbo wake Masanga kwa mara ya kwanza utaapa wapigaji ni wawili. Ni mtu mmoja na vidole viwili tu: dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea na besi kwenye nyuzi nene, cha shahada kinadonoa melodi kwenye nyuzi nyembamba.

Kwa hiyo gumba lianze peke yake. Shika C, piga uzi wa tano (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa), kisha wa nne, tano, nne, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa 60 kwa dakika. Usiongeze kitu mpaka uweze kupiga soga na mtu huku gumba linaendelea. Ndipo uingize cha shahada kwenye uzi wa kwanza: mwanzoni pamoja na gumba, baadaye katikati ya pigo na pigo. Hapo katikati ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa gumba hutaka kukifuata kidole. Likianza tu, punguza kasi.

Wanaocharaza kwa piki, kile kibapa kidogo cha kupigia nyuzi, nao wana tatizo lao: mkono unasimama kila palipo na kimya. Usisimame! Uendelee kushuka na kupanda, upite hewani pale usipopiga. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko, na piki uishike kwa wepesi. Unapopanda, nyuzi tatu nyembamba zinatosha.

Inaniuma mwanafunzi wa Nairobi au Dar anapojifunza mwaka mzima bila kuambiwa kwamba Bosco aliimba kwa Kiswahili, wala kwamba Magharibi mwa Kenya kina George Mukabi walikuwa na omutibo, mtindo wao wa kudonoa kwa vidole. Walimu, wapigieni wanafunzi rekodi hizo tangu somo la kwanza. Na asiye na metronomu afanye kama watu wa omutibo: amwite mwenzake agonge chupa ya soda.