Mpira unaojiponya na hesabu inayotakiwa kuubana

Tangu Charles Goodyear agundue mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki ovyo kwenye joto, kanuni imekuwa moja: minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda mpira, ikishafungwa, imefungwa. Ndiyo maana tyubu ya baiskeli inayoingia Tabora mjini na magunia ya mkaa ikitoboka hupigwa kiraka. Mpira wenyewe haujiungi. Mwaka 2008 kundi la Ludwik Leibler, Paris, lilionyesha mpira wa aina nyingine, uliotengenezwa kwa asidi za mafuta na urea. Ukiukata na kuzikutanisha nyuso mbili mapema, zinashikana bila gundi wala moto, kwa sababu vifungo vinavyoshika molekuli zake hufunguka na kujifunga tena.

Wanaotabiri mwenendo wa mpira kama huo kwa hesabu hawakubaliani pa kuanzia. Wapo wanaotosheka na modeli ya Maxwell: springi moja imeunganishwa na shokapu moja, basi. Nambari zake ni mbili, ugumu na muda wa kulegea, yaani kasi ambayo mkazo (nguvu ya ndani ya mpira uliovutwa) hupungua nayo. Vuta, shikilia, na mkazo unashuka. Ukipita muda mmoja wa kulegea hubaki kama asilimia 37, ukipita wa pili kama asilimia 14. Tusiidharau. Mchanganyiko wa polivinili alkoholi na boraksi, ute mzito unaonyumbuka, huifuata vizuri ajabu, na palipo na riomita (kifaa cha kupima jinsi kitu kinavyonyumbuka na kutiririka) nambari zote mbili zinapatikana kwa jaribio moja.

Wengine huanzia kwenye kifungo chenyewe. Green na Tobolsky, mwaka 1946, walihesabu minyororo: kila wakati baadhi inaachia, mingine inashika upya, na inayoshika upya haibebi mkazo wa zamani. Tanaka na Edwards waliipanua nadharia hiyo mwaka 1992. Ukiongeza wazo la Bell la mwaka 1978, kwamba kifungo kinachovutwa kwa nguvu huachia mapema zaidi, unaeleza jambo ambalo springi na shokapu za kawaida haziligusi: kwa nini mpira uleule ukivutwa kwa nguvu zaidi hulegea haraka zaidi.

Mimi naegemea upande huu wa pili, na sababu yangu ni mzigo. Kifungo kinachoponya jeraha ndicho kinachouacha mpira utambae, yaani ubadilike umbo polepole chini ya mzigo. Tairi la baiskeli iliyosimama na mzigo usiku kucha, kama limetengenezwa kwa mpira wa namna hii, asubuhi laweza kuwa na ubapa chini. Modeli nyepesi itakupa muda mmoja kwa kupona na mwingine kwa kutambaa, kila mmoja ukichaguliwa ili mchoro upendeze. Modeli ya vifungo inabanwa: umri uleule wa kifungo, yaani muda kinaoshika kabla ya kuachia, ujibu maswali yote mawili. Ikishindwa, angalau tunajua imeshindwa.

Joto nalo halisubiri. Kwa kifungo ambacho kizingiti chake cha nishati ya kuachia ni kilojuli 80 kwa moli, kutoka nyuzi 25 hadi 45 umri wake unapungua karibu mara 8. Oktoba ya Tabora, tyubu ikiwa juani, hizo nyuzi 45 si za kubuni. Kipimo cha maabara yenye kiyoyozi hakitoshi kumwambia kitu mchuuzi wa mkaa.

Lakini wapinzani wana hoja nzito. Kifungo kikiachia, mara nyingi hurudi kwa mwenzake yuleyule kabla mnyororo haujasogea, kwa hiyo muda wa kulegea unaopimwa kwa riomita unaweza kuwa mrefu kuliko umri halisi wa kifungo. Nyuso zilizokatwa zikiachwa wazi muda mrefu, vifungo vyake hujitafutia wenzi upande wao na uponaji hupungua. Unyevu hudhoofisha vifungo vya haidrojeni. Kila kasoro huzibwa kwa parameta mpya, yaani nambari nyingine ya kurekebisha modeli, na parameta sita zilizotolewa kwenye mchoro mmoja hazina uzito zaidi kuliko mbili za Maxwell. (Nimeona michoro ya namna hiyo, inalingana na data mpaka inatia shaka.)

Kwa hiyo modeli ya vifungo ningeikubali kwa sharti: parameta zitolewe kwenye jaribio la kulegea katika jotoridi tatu, kisha zifungwe. Baada ya hapo itabiri kutambaa chini ya mzigo wa usiku kucha, na nguvu ya kiungo kilichopona, bila kuguswa tena.